Shikamoo Niliyoiruka

Jumamosi ile nilifagia uwanja, nikaufagia tena, na upepo wa Singida ukaurudishia majani yote kana kwamba sijagusa ufagio. Nikaosha masufuria ambayo hayakuwa machafu. Nikahamisha kochi kutoka ukuta huu kwenda ule, nikalitazama, nikalirudisha. Mimi nikiwa na jambo moyoni siwezi kukaa. Mume wangu alipokuwa hai alikuwa akinitania kwamba hata usingizini natembea na shuka.

Jambo lenyewe lilikuwa limesimama mlangoni: begi la mama mkwe. Ni begi la bluu lenye zipu isiyofika mwisho, alilokuja nalo kutoka Mtinko baada ya arobaini ya mume wangu. Alikuja kwa ajili ya macho, apelekwe hospitali, akae kidogo, kisha arudi kijijini. Macho yakatibiwa, yeye akabaki. Hakuna aliyemwambia abaki na hakuna aliyemwambia aondoke. Tulikuwa kama watu wawili waliojikinga mvua kwenye baraza moja, mvua ikakatika wakakuta maongezi hayajaisha.

Sasa shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, alikuwa amemaliza kumjengea mama yake chumba huko Mtinko. Alinipigia simu katikati ya wiki.

"Shemeji, Jumapili nakuja kumchukua mama. Umehangaika naye vya kutosha."

"Haya shemeji," nikasema. "Asante."

Asante! Nilitamani kujizaba kofi. Lakini ningesema nini? Mimi ni mjane, natoka Itigi, nimekulia kwenye nyumba za reli, na Kinyaturu nakielewa nusu, nusu nakikisia. Watoto wangu wako shule za bweni. Mama ana mwanawe wa kiume mwenye boma lake, na huku kwetu mzee akikaa kwa mkwe mjane wakati mwanawe yupo, watu wana maneno. Mama mwenyewe hakusema lolote. Alikunja kanga zake moja moja, akazipanga, akaliweka begi mlangoni tangu Ijumaa kama abiria anayeogopa kuachwa na basi. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote. Nilikuwa nikilipita begi lile nikijiuliza mbona ana haraka hivyo.

Nieleze kuhusu mbio zangu. Nilianza kukimbia baada ya msiba, usingizi uliponikataa. Nilikuwa naamka alfajiri kabla watu hawajatoka, nazunguka mitaa ya nyuma huku Mandewa mpaka jasho linitoke, narudi, naoga, nakwenda kufungua kibanda changu cha cherehani. Macho yake yalipopona, Mama aliponiona mara ya kwanza nikirudi mbioni alishika kiuno.

"Mwanamke mzima anakimbia kama mbuzi aliyekata kamba! Unafukuzwa na nani?"

Baadaye akazoea. Nikawa nikirudi nakuta uji wa uwele mezani umefunikwa kwa sahani, na yeye chumbani anajifanya hajaamka. Hatukuwahi kuuzungumzia uji ule. Niliunywa, nikaosha kikombe, basi.

Jumamosi ile, jua likiwa limeanza kulegea, Mama alikuwa amejilaza na redio yake ikitangaza vifo peke yake. Kipindi cha matangazo ya vifo hakosi. Hakisikilizi kwa huzuni, anakisikiliza kama watu wengine wanavyosikiliza mpira, na akisikia ukoo anaoujua ananipa habari zao mpaka za bibi zao. Nilisimama mlangoni kwake nikamtazama. Begi lilikuwa miguuni pangu. Simu yangu ikaanza kuita mezani, nikaangalia, ni shemeji. Sikuipokea. Niliiacha ikitetemeka palepale, nikavaa raba. Suruali yangu ya mazoezi ilikuwa kwenye kamba, bado mbichi, kwa hiyo nikatoka na gauni langu la nyumbani na kanga nimeifunga kiunoni. Sikuaga.

Mwisho wa mtaa wetu anakaa mwalimu mmoja mstaafu. Kila jioni anatoa kiti chake cha plastiki, anakiweka pale njia zinapokutana, na hakuna anayepita bila kuonekana. Ni mzee wa heshima zake, ila habari za mtaa anazipenda. Ukimwambia shikamoo anaivuta marahaba yake polepole, kisha zinaanza: hujambo, watoto hawajambo, mama anaendeleaje, goti je, macho je, kazi inakwendaje. Siku zote nasimama, naitika zote mpaka mwisho, maana ndivyo nilivyolelewa. Siku ile nilijua akifika kwenye "mama anaendeleaje" ningelia katikati ya njia. Nikainua mkono tu, nikaongeza mwendo, nikampita. Nyuma yangu nilisikia kiti cha plastiki kikilia, kama mtu anayeinuka ghafla.

Sikugeuka. Nilishuka mpaka kwenye lami, upepo uko mgongoni, na miguu ikafanya ilichotaka.

Vijana wa bodaboda walikuwa wamejipanga kwenye kijiwe chao.

"Mama, panda nikupeleke! Huko unakokimbilia hakuhami!"

"Mwache huyo, kuna mtu anakwenda kumfumania!"

Siku nyingine ningewajibu. Sina uhaba wa majibu, waulize wateja wangu wanaochelewa kufuata nguo. Lakini pumzi nilikuwa naitaka kwa kazi nyingine, na isitoshe nilicheka. Nilishangaa kujisikia nikicheka, maana tangu asubuhi sikuwa nimetoa hata tabasamu.

Ulikuwa msimu wa alizeti. Kwenye mashine za kukamua mafuta magunia yalikuwa yamepangwa hadi usawa wa madirisha, na harufu ya mafuta ya moto na mashudu ilikuwa imetanda barabara nzima, ile harufu inayokufanya utamani kula hata kama umeshiba. Mwanamke aliyekuwa amekaa juu ya gunia akisubiri zamu yake aliponiona akasimama, akanitupia mkono wa kuuliza: kuna nini? Nikampungia kwamba hakuna kitu. Aliendelea kunitazama mpaka nikapotea. Mji wetu unawajua wakimbiaji, tena wazuri, vijana wenye kaptura na saa za mkononi. Mwanamke wa makamo mwenye gauni la nyumbani na kanga kiunoni, jioni, barabarani, huyo haujamzoea.

Nikaingia kwenye bustani ya mjini. Tunaiita bustani, ingawa ni miarobaini kadhaa, mabenchi ya saruji, na nyasi zinazokumbukwa maji mgeni mkubwa akitarajiwa. Jumamosi panajaa maharusi. Palikuwa na bibi harusi anayepambana na upepo, wasimamizi wake wamemshikia shela kama watu wanaoanua nguo mvua ikija, na mpiga picha amepiga goti akiwasihi watulie.

"Mama, pita! Pita haraka, umeingia kwenye picha!"

Nikapita. Lakini njia ya bustani inazunguka, na miguu ilikuwa tamu, kwa hiyo nikazunguka nikatokea tena nyuma yao. Bwana harusi akaangua kicheko. Huko kwao leo lazima kuna picha nzuri ya ndoa yenye mwanamke mwenye kanga anayekatiza nyuma, na wajukuu wao watauliza huyu ni shangazi wa upande gani.

Niseme ukweli, nilikuwa na furaha. Ilikuwa furaha ya mwili peke yake, moyo haukuulizwa. Kifua kilifunguka, mgongo ulioinamia cherehani wiki nzima ukanyooka, na kila nilipodhani nimefika mwisho wa nguvu zangu nilikuta nyingine zimebaki. Kila kona niliyotakiwa kugeukia nyumbani niliiacha. Nikisogea karibu na nyumba nawaza begi, nikiiacha mbali nawaza hatua tu. Kwa hesabu hiyo nikakimbia mpaka ziwani.

Ziwa letu ni la chumvi. Maji yakipungua, ukingo unabaki na mkanda mweupe, na ndege wale wekundu wenye miguu mirefu wanasimama mbali, kila mmoja na shughuli zake. Nilipanda kwenye jiwe moja kubwa, nikasimama, na hapo ndipo mambo yote niliyokuwa nimeyakimbia yakanifikia kwa pamoja.

Nilikumbuka siku Mama alipofunguliwa bandeji. Daktari alimuuliza anaona nini. Hakumjibu daktari. Aligeuka akanitazama mimi, akanitazama sana, akasema, "Kumbe umekonda hivi! Mbona hukuniambia?" Miezi yote ile alikuwa akinisikia sauti tu, na sauti yangu haikondi. Tangu siku hiyo akawa anapakua chakula mwenyewe, ananisimamia mpaka nimalize. Alinifundisha mlenda wa kwao, akautukana mlenda wangu wa Itigi kwa upendo. Usiku wa kwanza niliolala bila kuamka tangu nizike, ni yeye aliyekuwa chumba cha pili akikohoa. Mtu mwingine anaweza kusema mimi ndiye niliyemtunza yeye. Mimi najua nani alimtunza nani.

Nikiwa juu ya lile jiwe nikaamua. Nisingesema kitu. Ningempa kitenge nilichomshonea na dumu la mafuta, ningempungia mkono, na kulia ningelia baadaye na cherehani yangu. Ana haki ya kwenda kwake. Amefunga begi kwa mikono yake mwenyewe. Nilipoamua hivyo nilidhani ningetulia, wapi, nikashuka jiweni kwa hasira na kuanza kurudi kwa kasi kuliko niliyokuja nayo.

Sasa upepo ulikuwa usoni. Jua lilikuwa linazama, adhana ya magharibi ikaanza msikitini, na kanisani ng'ambo kwaya ilikuwa inarudia mstari uleule ulioishinda sauti ya tatu. Majiko ya chipsi yalikuwa yamewashwa. Niliwapita watu wengi wanaotoka kazini, na baadhi yao walinipisha kwa namna ambayo sikuielewa, wakisogea pembeni na kuinamisha macho. Mama mmoja wa mtaa wa tatu kutoka kwetu alinipa mkono nikiwa mbioni, akaushika kidogo, akaniachia. Nikaona ni ukarimu tu, nikaendelea.

Nilipoingia mtaani kwetu, kiti cha mwalimu kilikuwepo, mwenyewe hayupo. Mwalimu haachi kiti chake nje. Hata akienda kuswali anakirudisha ndani. Nikapunguza mwendo.

Geti langu lilikuwa wazi. Uwanja nilioufagia ulikuwa umejaa watu. Wanawake wamekaa kwenye mikeka, kanga vichwani. Jirani yangu anayeuza maandazi alikuwa amewasha kuni na kubandika sufuria lile kubwa linalotoka kwa shughuli tu. Wanaume wamekaa kwenye mabenchi pembeni, mwalimu katikati yao, kimya. Na gari la shemeji lilikuwa limeegeshwa ukutani, Jumamosi, wakati ahadi ilikuwa Jumapili.

Shemeji alinifuata, akanishika mikono yote miwili.

"Pole, shemeji," alisema. "Pole sana. Tumeshafika."

Sikuuliza kitu, kulikuwa na nini cha kuuliza? Nilimwacha amelala na redio yake, sikumuaga, nikaenda kuchezea maharusi bustanini. Nikakaa chini, vumbini, na sauti iliyonitoka sikujua kama ninayo.

"Mama! Mama yangu, mbona hukunisubiri! Nilitaka kukuambia usiende! Usiende Mtinko, Mama, kaa hapa na mimi! Mimi nitabaki na nani?"

Wanawake walikuwa wakisubiri neno hilo tu. Vilio vikapasuka mikeka yote. Jirani wa maandazi akatupa mwiko, akashika kichwa. Hata wanaume wakainamisha nyuso zao.

Katikati ya vilio hivyo nikasikia fimbo ikigonga sakafu. Ninaijua fimbo ile. Mama akatokea mlangoni, amejifunga kanga yake ya msibani, ile nyeusi ya kona nyekundu, macho yake mazima yakinitafuta.

"Nani amefariki?" akaniuliza. "Sema tu, nimejiandaa. Ni watoto? Ni mama yako wa Itigi? Sema, mwanangu."

Vilio vikakatika, kimoja kimoja, kutoka mbele kwenda nyuma. Nilimtazama, nikafuta macho, nikamtazama tena.

"Ni wewe," nikasema.

"Mimi?"

Akajitazama miguu, akatazama mikono yake, akaigeuza. Kisha akawatazama watu wote waliojaa uwanjani, na macho yake yakaishia kwa mwalimu.

"Mwalimu, wewe ndiye uliyeleta habari. Nani alikuambia kuna msiba?"

Mwalimu alisimama kama aliyeitwa ubaoni.

"Dada, sikuambiwa na mtu. Huyu binti tangu ameolewa mtaa huu hajawahi kunipita bila kuniamkia. Leo amenipita mbio, kanga kiunoni, bila shikamoo. Nikajua."

Na unajua watu walifanya nini? Waliitikia kwa vichwa. Hakuna hata mmoja aliyeona kwamba mwalimu amekosea. Mtu mzima, mwenye adabu zake, kumpita mzee bila shikamoo, kuna sababu gani nyingine duniani? Walikuja mbio kunishika mkono. Wakamwamsha Mama kwa kumpa pole bila kujua ni ya nani, yeye naye kwa kuwa sipo akaamini. Simu yangu waliikuta mezani ikiita, wakasema mwenye akili timamu haachi simu. Mwalimu akampigia shemeji. Shemeji, ambaye alikuwa ananipigia kuuliza tu kama godoro la Mama litaingia kwenye gari, akaacha ng'ombe zizini na kuja.

Jirani wa maandazi ndiye aliyeanza kucheka. Akacheka mpaka akaegemea geti, na uwanja mzima ukamfuata. Mimi bado nilikuwa chini, nacheka na kulia kwa pamoja, na aibu imenijaa mpaka masikioni, kwa sababu nilikuwa nimeanza kukumbuka maneno niliyoyapiga kelele mbele ya watu wote wale.

Maji yalikuwa yameshachemka, na watu waliokuja kwa wema hawarudishwi na njaa. Tukasonga ugali, Mama akasimamia mlenda, watu wakala wakiusimulia msiba wangu kana kwamba ulikuwa wa zamani. Mwalimu nilimpelekea sahani yake kwa mikono miwili, nikapiga goti.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba," akasema, akaivuta kuliko siku zote. Kisha akaniuliza habari zote, hakuruka hata moja, nami nikajibu zote.

Walipoondoka tulibaki watatu sebuleni. Begi lilikuwa wazi; Mama alikuwa amelifungua kutoa kanga ya msibani na nguo zilikuwa zimetapakaa kochini. Shemeji alikuwa amekaa pembeni yake, kofia mkononi.

"Shemeji, mimi nilidhani umechoka," alisema. "Nilivyosema namchukua, ukaniambia asante."

"Nilisema," nikakubali.

"Na wewe mama, mbona ulifunga begi tangu jana?"

"Wewe ulisema unakuja," Mama akamjibu. "Huyu akasema asante. Ulitaka nifanyeje, nishikilie mlango? Nilifunga mapema nisije nikaonekana nasukumwa."

Shemeji akakohoa, akachukua kanga moja kochini, akaanza kuikunja vibaya, kama wanaume wanavyokunja.

"Kwa hiyo kesho..." akaanza.

Mama akamnyang'anya ile kanga.

"Kile chumba weka alizeti kwa sasa. Krismasi nitakuja kukiona."

Akainuka, akalisukuma begi kwa fimbo yake, taratibu, kutoka sebuleni mpaka chumbani, na nikalisikia likikwaruza sakafu hadi uvunguni mwa kitanda. Nilikaa nikitazama pale mlangoni lilipokuwa limesimama tangu Ijumaa. Nilitaka kusimama nimfuate, lakini kwa mara ya kwanza siku ile miguu haikutaka kwenda popote.

Mama akachungulia tena, mkono kwenye fremu ya mlango.

"Kesho ukienda kukimbia," alisema, "mwamkie mwalimu kwanza. Mimi sina magoti ya kupokea misiba kila jioni."